Maneno 24 na mchwa wa Dodoma

Mazungumzo haya, kuhusu kutunza sarafu za mtandaoni kama Bitcoin, niliyatoa ukumbini Makole, Dodoma, mbele ya wanakikundi wetu wa kuweka na kukopa na vijana waliokuja kusikiliza. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, nimeacha tu maswali ya katikati.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Mama zangu, dada zangu, kaka zangu, na ninyi vijana mliotoka UDOM mkapanda daladala mbili kuja huku, mbukwenyi!

Kabla ya yote tazameni hiki nilichoshika. Mlio nyuma hamkioni vizuri, ni kidogo kama flashi ya kuwekea nyimbo. Kina kioo chembamba na vitufe viwili. Ukikichomeka kwenye kompyuta kinawaka, halafu kinadai namba ya siri. Mwenye kuijua namba hiyo tulimzika Kongwa. Ni kaka yangu, tumbo moja.

Kaka alikuwa dalali wa alizeti. Msimu ukiwa mzuri alikuwa anamega kidogo kwenye faida yake ananunua Bitcoin, na katika jambo hilo alikuwa mwangalifu kuliko wengi. Hakuziacha sarafu zake kwenye soko la mtandaoni. Alinunua kifaa hiki cha kutunzia ufunguo wa sarafu, akakiwasha, akaandika kwenye karatasi maneno yake 24, yale ya kurejeshea sarafu kifaa kikiharibika, kama maelekezo yanavyosema, kisha akaificha karatasi mahali anapopajua yeye. Mwaka 2023 gari alilopanda lilipata ajali. Baada ya arobaini shemeji alinifuata kibandani kwangu, pale jirani na Jamatini ninapotengeneza simu. Kifaa alikuwa amekifunga kwenye pindo la khanga. Akaniambia, "Shemeji, wewe ni fundi. Kaka yako alisema humu mna ada ya watoto. Nifungulie."

Nimefungua simu nyingi. Hiki sikuweza, na hakuna fundi wa Kariakoo ambaye angeweza. Kimetengenezwa hivyo: ukikosea namba ya siri mara 3 kinajifuta, kinabaki kama kimetoka kiwandani. Vingine, kama vya kampuni ya Trezor, vinakuvumilia mara 16, hiki mara 3 tu. Tulijaribu namba mbili alizokuwa anapenda kuzitumia. Zote zikakataa. Ya tatu hatujaijaribu mpaka leo.

Tukaanza kutafuta karatasi. Tulipekua Biblia ukurasa kwa ukurasa, tukashusha picha za ukutani, tukamwaga hata debe la mtama. Siku ya tatu tukaipata kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na kadi za kliniki za watoto. Sanduku lilikuwa limeshika kutu kona moja ya chini na mchwa walikuwa wamepandia hapo. Kaka alikuwa ameandika kwa safu mbili, neno la 1 hadi la 12 kushoto, la 13 hadi la 24 kulia. Nusu ya chini ya karatasi ilikuwa imegeuka udongo. Yalibaki maneno 6 kila safu. Lile la sita kushoto lilikuwa limebakiza herufi nne, "gara", na hilo halikunisumbua, kwa sababu maneno haya hutoka kwenye orodha moja ya maneno 2048 ya Kiingereza, na walioipanga mwaka 2013 walihakikisha kwamba herufi nne za mwanzo zinatosha kulitambua neno lolote. Nikajua ni "garage". Lakini yale 12 ya chini hayakuacha hata nukta.

Lingekosekana moja, kompyuta ingejaribu yote 2048 kabla chai haijapoa. Yangekosekana mawili, michanganyiko inapita milioni 4, bado kazi hiyo inafanyika. Yakikosekana 12, hata ukizikusanya kompyuta zote za dunia hazimalizi.

Na linalomtesa shemeji kuliko yote ni hili: simu ya kaka ipo, programu ya kifaa bado imo, na programu inaonyesha salio. Wiki hii limepanda, wiki inayofuata limeshuka. Analiona. Kuliona hakuhitaji ufunguo. Shemeji yumo humu ukumbini leo, na ni yeye aliyeniambia niyaseme haya hadharani.

Ndugu zangu, sikuja kumwambia mtu anunue sarafu. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali hapa nchini. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 nayo ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Kwa hiyo serikali inajua watu wanazo, lakini zikipotea hakuna atakayekufidia, na bei yake inaweza kukatika nusu ndani ya miezi michache. Hela ya mbegu, ya ada, na hela ya kikundi hiki, msiiguse kwa ajili hiyo. Nazungumza na ambao tayari wanazo. Najua mpo, kwa sababu mnakuja kibandani mnaniuliza kwa kunong'ona. Na kama ulichonacho ni cha shilingi elfu 50, kifaa cha dola 80 hakikuhusu. Subiri.

Watu wanadhani sarafu zimo ndani ya kifaa. Hazimo. Sisi wa Dodoma tusishindwe kulielewa hili, maana habari ya mji huu ni viwanja. Kiwanja chako kiko Nala au Iyumbu, hakiko kabatini. Kabatini kuna hati. Sarafu nazo ziko kwenye daftari ambalo nakala zake zimetapakaa kwenye maelfu ya kompyuta duniani, na yeyote anaweza kulisoma. Kifaa kinatunza ufunguo wa siri, ule unaotia saini unapotaka kuhamisha. Simu au kompyuta inauandaa muamala, inaupeleka kwenye kifaa, kifaa kinausaini humo humo ndani na kurudisha saini peke yake. Ufunguo hautoki. Hata simu yako ikiwa imejaa virusi, hawana pa kuuonea.

Pale mfano wa kiwanja unapoishia ni hapa: hati ikipotea unaripoti polisi, unatangaza gazetini, unahangaika na ofisi ya ardhi, mwisho unapata nyingine. Huku hakuna ofisi ya ardhi. Kuna maneno 24, au 12 kwa baadhi ya vifaa, na maneno hayo ndiyo ufunguo wenyewe uliogeuzwa maneno ili mtu aweze kuuandika kwa mkono. Kifaa kikikanyagwa na bodaboda au kikizama bwawa la Hombolo, unanunua kingine, hata cha kampuni nyingine inayotumia orodha ile ile, unaingiza maneno, salio linarudi. Lakini mtu akiyaona maneno hayo hahitaji kifaa chako wala namba yako ya siri. Anayaingiza kwenye simu yake, akiwa Mwanza au Manila, anahamisha, na daftari linaandika kwamba mwenye mali ndiye aliyehamisha.

Mwaka jana kijana mmoja aliniletea kifaa alichonunua kwa mtu mtandaoni, nusu bei. Boksi lina nailoni yake, linang'aa. Ndani kulikuwa na kadi ya kukwangua kama vocha za zamani. Alikuwa ameshakwangua, yametokea maneno 24 yaliyochapwa vizuri, na chini maelezo kwamba hayo ndiyo maneno yake ya kurejeshea, ayatunze. Nikamwambia, mdogo wangu, haya ni maneno ya aliyekuuzia. Ungeweka sarafu leo, kesho zingekuwa kwake. Alikaa chini pale pale kwenye ngazi ya duka. Bahati yake alikuwa hajaweka kitu.

Kifaa halali kinafika kitupu. Hakina namba ya siri, hakina maneno. Maneno kinayazaa chenyewe, mbele ya macho yako, kwenye kioo chake kidogo, neno moja baada ya lingine. Ukikuta yameshaandikwa popote, kwenye kadi, kwenye kitabu, kwenye ujumbe, rudisha. Kati ya watengenezaji, Trezor wanatoka Cheki, Ledger Ufaransa, BitBox Uswisi. Nunua kwao au kwa wauzaji waliowataja kwenye tovuti zao, na anwani ya tovuti iandike mwenyewe kwa kidole. Usibonyeze tangazo lililotokea juu kwenye utafutaji, matapeli nao wanalipia matangazo. Programu ya kukiendesha ipakue hapo hapo. Ukikiunganisha mara ya kwanza, programu itakihakiki kama ni cha kweli, na kama kuna toleo jipya la mfumo wake, lisasishe kabla hujaweka hata senti.

Siku ya kuandika maneno chagua saa ambayo huna haraka na hakuna anayekugongea mlango. Simu iache chumba kingine. Usipige picha karatasi, usipige skrinishoti, usijitumie WhatsApp, maana picha za simu hupanda zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni na wewe hujui. Tumia penseli, risasi haitawanyiki karatasi ikilowa. Andika namba, andika neno, herufi kubwa zilizoachana. Mpangilio ni sehemu ya siri, neno la 9 likikaa nafasi ya 10 umeandika kitu kingine. Kuna maneno yanafanana pia. Nilimsimamia mama mmoja wa Nzuguni, mwalimu mstaafu, mwandiko wake mzuri kuliko wa mtu yeyote humu, lakini kwenye kioo palisomeka "quiz" yeye akaandika "quit". Yote mawili yamo kwenye orodha.

Tulijuaje kwamba kuna kosa? Kwa sababu tulikifuta kifaa. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana hapa ndipo karibu kila mtu anapokosea. Akishaandika karatasi anaamini ameandika sawasawa. Usiamini. Tuma kwanza kiasi kidogo sana, hela ya chipsi mayai. Ikionekana imefika, kifute kifaa kwa makusudi. Ingia kwenye mipangilio, kirudishe kilivyotoka kiwandani. Utaona mkono unatetemeka, ule wa mwalimu ulitetemeka, na ilikuwa hela ya chipsi. Kisha chukua karatasi yako, kaa peke yako, ingiza maneno yote kwenye kifaa chenyewe, kwa vile vitufe, kamwe si kwenye kompyuta wala simu. Neno la mwisho lina hesabu ya kuhakiki ndani yake, kwa hiyo makosa mengi kifaa kitayakataa palepale. Cha yule mama kilikataa. Tulianza upya, kifaa kikazaa maneno mapya mimi nikiwa nje, akaandika upya, akatuma tena hela ya chipsi, akafuta upya, safari hii salio likarudi. Ilichukua mchana mzima. Baada ya hapo ndipo alipohamisha akiba yake yote, na mimi nilikuwa nimeshaondoka, kama inavyotakiwa. Hata fundi unayemwamini asiwepo maneno ya kweli yakiwa mezani.

Halafu mchwa. Karatasi ni ya kuanzia tu. Nendeni kwa wauza vyuma mkanunue kipande cha chuma kisichoshika kutu, ukubwa wa daftari dogo, na seti ya stampu za herufi, zile ambazo mafundi hugongea namba kwenye vyuma. Gonga mwenyewe. Usimpe fundi welda karatasi yako akugongee, hata kama ni binamu yako. Herufi nne za kila neno zinatosha, kwa hiyo si kazi kubwa kama inavyosikika, nyundo na subira tu. Mchwa watapita pembeni, mvua itapita, na moto wa nyumba ya kawaida hauyeyushi chuma cha namna hiyo. Tengeneza vibao viwili, kimoja hapa mjini, kingine mbali, nyumbani Kondoa au Mpwapwa, kwa namna ambayo janga moja haliwezi kuvifikia vyote.

Wengine huniambia, fundi, mimi nitagawa, maneno 12 huku na 12 kule, mwizi akipata nusu hana kitu. Nakataa. Ukigawa hivyo, ukipoteza upande mmoja wowote umepoteza vyote. Nakala kamili mbili ni bora. Kuna na lile neno la ziada, la 25, ambalo mtu hujitungia mwenyewe juu ya yale 24. Ni zuri kwa wazoefu. Kwa anayeanza nasema liache, nimeona wengi wakilisahau kuliko walioibiwa kwa kutokuwa nalo.

Sote tumepata ule ujumbe, "Ile hela tuma kwenye namba hii." Tumeuzoea, tunaufuta. Huku ujumbe ni ule ule, umevaa suti. Mwaka 2020 taarifa za wateja wa Ledger zilivuja, majina, simu, na anwani za nyumbani za mamia ya maelfu ya watu. Mwaka uliofuata baadhi yao walipelekewa kwa posta vifaa bandia vyenye barua nzuri, eti cha zamani kina tatizo, hamishia maneno yako kwenye hiki. Kwetu atakupigia anayejiita huduma kwa wateja, au atakuingiza kundi la Telegram, au itatokea tovuti inayosema walleti, yaani pochi yako ya sarafu, inahitaji kuthibitishwa. Mwisho wa maongezi ni mmoja: andika maneno yako hapa. Hakuna kampuni, benki, polisi wala fundi anayeyahitaji kwa kazi yoyote halali. Maneno yanaingizwa kwenye kifaa, mkononi mwako, siku unayorejesha. Basi.

Kwenye kutuma na kupokea nitapita haraka, mtauliza mezani. Kuna virusi kazi yao ni kungoja unakili anwani, yaani ile namba ndefu ya kupokelea sarafu, halafu unapobandika inatokea anwani yao. Kwa hiyo anwani isomeni kwenye kioo cha kifaa, siyo cha simu, tena isomeni yote, maana matapeli hutengeneza anwani zenye mwanzo na mwisho kama wa kwako. Wanaotumia USDT, sarafu inayofuata bei ya dola, wahakikishe mtandao inakopitia: anwani za Tron zinaanza na T, za Ethereum zinaanza na 0x, na hata ukipatia mtandao wa Tron unahitaji kidogo TRX, sarafu ya mtandao huo, kwa ada, la sivyo USDT yako itakaa pale unaitazama.

Na kifaa kikikuonyesha kitu usichokielewa, usisaini. Februari 2025 soko la sarafu la mtandaoni liitwalo Bybit liliibiwa sarafu za ethereum za takriban dola bilioni 1.5, na waliosaini walikuwa na vifaa kama hivi mikononi. Skrini za kompyuta ziliwaonyesha muamala wa kawaida, kumbe kilichofika kwenye kifaa kilikuwa kingine, na kioo kidogo hakikuweza kuwaonyesha kwa lugha ya kusomeka. Wakabonyeza. Wale walikuwa wataalamu, wanalipwa kwa kazi hiyo. Kifaa kinasaini ulichokubali, hakiulizi kama umedanganywa.

Nirudi kwa kaka, ndipo nimalize.

Mtu akifa ana hela benki, familia inakaa kikao, inateua msimamizi wa mirathi, mahakama ya mwanzo inamthibitisha, anapeleka barua benki. Inachosha, lakini njia ipo. Shemeji alipitia njia hiyo yote, na barua ya mahakama anayo. Ameshauriwa na watu wenye nia njema aipeleke kwa kampuni iliyotengeneza kifaa. Kampuni haina ufunguo, haijawahi kuwa nao, na hata ingetaka kumhurumia haina cha kumpa. Kule Wales yuko bwana anaitwa James Howells, diski yake yenye ufunguo wa Bitcoin karibu 8,000 iliishia dampo mwaka 2013. Alihangaika miaka hata kufika Mahakama Kuu, na Januari 2025 jaji aliitupa kesi yake. Huyo alikuwa anagombania ruhusa ya kuchimba taka. Sisi hatuna hata dampo la kuchimba, mchwa wameshamaliza.

Kwa hiyo andikeni barua. Usiweke maneno ndani yake. Andika kwamba kifaa kipo, kinafanana hivi, kibao cha chuma kiko wapi, na ni nani wa kusaidiwa naye ambaye hatapewa kibao mkononi. Mpe mtu mmoja wa nyumbani kwako, mke, mume, mtoto mkubwa, na mweleze kwa mdomo siku mkiwa wawili. Najua mila zetu, mtu akianza kusema "siku nikifa" anaambiwa anajichulia. Kaka nilimwuliza mara moja tu, tukiwa tunakula, "Karatasi ya maneno yako iko wapi?" Akaniambia, "Acha uchuro, kula." Nikala. Ningemwuliza mara ya pili, leo watoto wa darasa la sita na la tatu wasingekuwa wanasomeshwa kwa michango yenu, ambayo Mungu awabariki.

Sasa tufanye kazi. Pale mezani kuna vifaa vinne vitupu vya mazoezi. Havina hela na havitawekwa hela. Kila mmoja atazaa maneno, ataandika, atafuta kifaa, atarejesha, kisha karatasi yake tutaichoma pale nje kwenye jiko la mkaa, tusiondoke na maneno ya mazoezi tukayachanganya na ya kweli. Simu zote ziingie kwenye kapu la Mwenyekiti mlangoni, zimezimwa, na yangu ndiyo ya kwanza, hii hapa. Karatasi na penseli anagawa shemeji yangu.

Shemeji, anza na safu ya mbele.